Kisima cha Bwana Konditi

Mimi ndiye niliyewaambia watu wa soko la Adungosi kwamba katika Roma ya kale aliishi Mjaluo mmoja tajiri. Sikukusudia. Lakini mtu akishajulikana kuwa yeye peke yake ndiye anayejua Kilatini kutoka Malaba hadi Funyula, hujikuta anajibu hata asiyoyajua, na mimi miaka ile nilikuwa na ugonjwa huo.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1977. Nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya misheni huko Chakol, baada ya kukaa seminari miaka minne na kutoka kwa sababu ambazo mama yangu hadi leo hataki zitajwe mbele ya wageni. Upadri niliuacha, Kilatini hakikuniacha. Niliwasalimia wanafunzi kwa Kilatini na kuwagombeza kwa Kilatini, nao wakanibandika jina la Dominusi, yaani Bwana. Nilijifanya silipendi.

Mwezi wa pili shule yetu ilimaliza kuchimba kisima. Maji yake yalikuwa matamu, ila mdomo wake ulikuwa udongo mtupu, na mbuzi wa mwalimu mkuu alikuwa ametumbukia mara moja akatolewa akiwa na hasira kuliko mwenyewe. Kamati ikanituma Adungosi kwa fundi Alaso, nikaagize pete ya saruji ya kuzungushia juu. Hakuna aliyesema iwe na urembo. Urembo ulikuwa wazo langu.

Pale misheni kulikuwa na kitabu kikubwa cha Kiitalia, kilichoachwa na fundi mmoja aliyepita kujenga daraja. Kilijaa picha za mawe ya Roma. Warumi, bwana, hawakukiacha kisima kikae uchi. Juu ya shimo waliweka pete ya jiwe yenye kimo cha kiuno cha mtu, na ubavuni wakachonga mashada ya maua, vichwa vya kondoo dume, miungu yao, hata wanawake wanaocheza huku wameshikana mikono. Katika nyumba za wenye nacho, mvua ya paa ilishuka hadi kwenye tangi chini ya ua, na juu ya tangi ikawekwa pete kama hiyo, mgeni akiingia aione kabla hajamwona mwenye nyumba. Mwezi wa kumi kila mwaka walikuwa na sikukuu ya chemchemi, wakavivika visima maua kama bibi harusi. Hayo niliyajua sawasawa, tangu seminari. Nikaona shule yetu nayo ipate pete ya namna hiyo. Kwa nini Chakol isifanane na Roma hata mahali pamoja?

Alaso alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, leso kaifunga juu ya suruali ya marehemu baba yake. Kwa huyo baba alirithi pia fomu za chuma za kumwagia zege, uwanja kando ya barabara ya Malaba, na ubishi. Viganja vyake vilikuwa vimekauka kwa saruji hadi akikusalimia unadhani umeshika gome. Na katika maisha yake alikuwa na swali moja tu, ambalo aliwauliza wachuuzi wa mchanga, makatekista na machifu bila kubagua.

Nilimfungulia kitabu juu ya rundo la kokoto, penye picha ya wale wanawake wanaocheza. Nilitarajia atashangaa. Hakuwatazama hata kidogo. Aliweka kidole gumba kwenye ukingo wa juu wa lile jiwe.

"Mwalimu, hii mifereji kidogo-kidogo ni ya nini?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimekitazama kitabu kile miaka miwili. "Ni urembo," nikasema.

"Umejuaje?"

"Kila kitu hapo ni urembo, dada."

"Hapana. Hii ni kamba. Kamba imekula mawe." Alinishika mkono akanipeleka kwenye pete kuukuu iliyokuwa pembeni mwa uwanja, ya kwanza aliyotengeneza baba yake, ambayo watu walichotea maji miaka mingi kabla haijapasuka. Ukingo wake ulikuwa na mifereji ileile. "Ona. Hapa imeingia sana, hapa kidogo. Watu wanapenda kuvuta wakisimama pande yenye kivuli. Hata hao wako walikuwa na kivuli pande hii. Na huyu hapa," akarudi kwenye picha na kugusa mfereji mmoja mwembamba uliokuwa umejitenga, "huyu alikuwa mashoto."

Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa na Kilatini miaka minne na sikuwahi kumwona yule Mrumi wa mashoto. Sitaficha, niliona wivu.

Nilitaka kumfunulia ukurasa mwingine lakini kelele zikatukatiza kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la kwao Alaso. Mama yake, Apeduno, alikuwa amesimama katikati ya nyasi, na mbele yake shemeji yake, mzee Aluka, mdogo wa marehemu mumewe, akipunga fimbo ya kuswagia ng'ombe.

"Shemeji, mwaka huu mimi nimechoka!" Aluka alikuwa akisema. "Mvua ya kwanza ikinyesha, ng'ombe wanaingia. Shamba mzima imelala bure miaka tatu kwa sababu ya chuma!"

"Lima huko pande," mama akajibu, hakupandisha sauti. "Hapa hapana."

"Hapo ndio katikati! Jembe itapita aje? Nizunguke kama mlevi?"

"Zunguka."

Kile Aluka alichokiita chuma kilikuwa baiskeli. Kila apitaye barabara ile aliijua. Ilikuwa ya Emojong, mdogo wake Alaso, kijana aliyebeba abiria pale Malaba kutoka forodha ya upande huu hadi ya upande wa Uganda. Mwezi wa nne wa mwaka 1974, saa tisa alasiri, alikuwa akirudi nyumbani, akakata njia katikati ya shamba ili aiwahi mvua, na radi ikamkuta hapo. Walimzika nyuma ya nyumba, padri akaja, kila kitu kikafanywa inavyopasa. Baiskeli haikuguswa. Kwetu kitu kilichopigwa na radi hakiokotwi hivi hivi. Hata mti uliopasuliwa na radi haugeuzwi kuni. Ilibaki ilipoanguka, pamoja na ndara zake mbili na kofia, nyasi zikaota kati ya spoki. Na hii, tafadhali, ilikuwa mpakani wakati wa magendo ya kahawa, ambapo mtu akiilaza baiskeli chini ili afunge kamba ya kiatu, akiinuka anabaki na kiatu. Ile ya Emojong ililala wazi miaka mitatu na hakuna aliyeiondolea hata parafujo.

Mama Apeduno alipanda mkonge kuizunguka pande tatu. Kila mvua ilipokaribia, Aluka aliwaleta ng'ombe hadi ukingoni apate kulima pamba, na kila mara mama aliketi chini mbele ya jembe. Miaka miwili Aluka alirudi nyuma. Mwaka huu alikuwa ameapa mbele ya watu.

"Safari hii atalima," Alaso aliniambia, macho yake hayajaondoka shambani. "Na mama hataondoka. Yeye atalala chini, ng'ombe watamkanyaga. Nikisema na baba mdogo, ananiambia shamba si makaburi. Nikisema na mama, ananyamaza. Mimi sijui nifanye nini, mwalimu. Ningejua ningefanya jana."

Nikageuza ukurasa ili tu mikono yangu iwe na kazi.

Picha ya ukurasa ule ilikuwa ya pete nyingine, ndogo, isiyo na wachezaji. Ilizungukwa na shada moja jembamba la majani, na chini yake maneno yaliyochongwa, jiwe likavunjika kabla hayajaisha. Alaso aliinama juu yake. Akaileta karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza juu chini.

"Hii haina kamba," akasema.

"Haina kamba namna gani?"

"Haijavutwa maji hata siku moja. Ukingo ni mpya kabisa. Lakini huku chini mawe imezeeka, imeoza na mvua. Hii ilikaa nje miaka mingi na hakuna mtu aliweka ndoo hapo. Kwa nini?"

"Labda mwenyewe alikuwa mchoyo."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo Jacktone akafika. Jacktone Ojwang alikuwa muuza samaki, akitoka ziwani na baiskeli yake yenye kikapu nyuma kila siku ya soko, na hakuna mazungumzo aliyoyapita bila kuyaingilia. Alichungulia juu ya mabega yetu. "Bosi, imeandikwa aje hapo?"

Yalikuwa maneno mawili: FVLGVR CONDIT, kisha jiwe limevunjika. Nilieleza kwamba Warumi waliandika V mahali pa U. Maana yake sikuwa nayo, lakini ulimi wangu haukujua kusubiri. "Ni jina la mwenye kisima," nikasema kwa sauti ile ya darasani. "Bwana Fulguri Konditi."

Jacktone aliiachia baiskeli nusura samaki wamwagike. "Konditi? Konditi ni yetu! Kwetu kuna Konditi watatu, mmoja ni binamu ya mama! Mjaluo alikuwa Roma?"

Nilipaswa kucheka na kukanusha. Badala yake nilisema kwamba historia ina mengi. Kabla jua halijageuka, soko lote lilikuwa na habari za Bwana Konditi, Mjaluo wa Roma, aliyekuwa na kisima chake mwenyewe na alikuwa mchoyo wa maji. Wateso, wenyeji wa pale, walisema hilo la uchoyo ndilo linalothibitisha.

Alaso peke yake hakucheka. "Konditi au si Konditi," aliniambia nilipokuwa nikiondoka, "mtu hajengi mdomo mahali hakuna tumbo. Wewe nenda usome tena."

Wiki ile nzima maneno yake yaliniwasha. Nilikipekua kitabu kila nilipopata nafasi. Kiitalia changu kilikuwa cha kubahatisha. Niliokota neno moja hapa na jingine pale, yale yanayofanana na ya Kilatini, na mengine nikayaruka kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kulikuwa na maelezo marefu chini ya picha ile. Nilikuwa nimeyaruka yote.

Jumapili nilikwenda kanisani. Katekista aliongoza wimbo wa wale vijana watatu waliotupwa katika tanuru ya moto, ule unaoviita viumbe vyote kimoja kimoja vimsifu Mungu: jua na mwezi, umande na theluji. Tuliimba kwa Kiswahili. Alipofika penye umeme na mawingu, mdomo wangu ukaitikia wenyewe kwa mazoea ya zamani, kwa Kilatini: fulgura et nubes.

Nilinyamaza katikati ya wimbo. Mama mmoja mbele yangu aligeuka akanitazama.

Fulgura. Fulgur. Neno lile nilikuwa nimeliimba alfajiri baada ya alfajiri kwa miaka minne, na nilipoliona kwenye jiwe nikalipa binamu Ujaluoni. Sikungoja baraka ya mwisho. Nilikwenda moja kwa moja hadi chumba cha vitabu cha misheni nikafungua kamusi kuu ya Kilatini. Condere: kuweka, kuhifadhi, kuficha. Kisha mstari wa chini: kuzika. Konditi hakuwa mtu. Lilikuwa neno lililokatwa mkia na ufa wa jiwe, na maneno yote mawili pamoja yalisema: umeme umezikwa hapa.

Nilikaa na kamusi na yale maelezo ya Kiitalia hadi saa tisa, chakula cha mchana kikanipita. Safari hii sikuruka jiwe hata moja. Mahali palipopigwa na radi, Warumi hawakupaacha hivi hivi wala hawakupakanyaga. Makuhani wao walikuja wakaokota kila kitu ambacho radi ilikitawanya, wakakizika palepale, huku wakisema maneno ya huzuni kwa sauti ya chini. Kisha wakapazungushia pete kama ya kisima, ikaachwa bila kifuniko ili pawe wazi kwa anga, na tangu hapo hakuna mguu uliopita. Mtu akiiona kwa mbali hudhani ni kisima. Hata mimi nilidhani.

Ndipo nikamkumbuka niliyekuwa nikizungumza naye siku ile, na kilichokuwa kimelala ng'ambo ya barabara tulipokuwa tukicheka. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka moto.

Jumatatu baada ya masomo nilipanda baiskeli hadi Adungosi. Njiani nilitamani Konditi abaki Konditi. Ingekuwa rahisi zaidi. Nilimkuta Alaso akisuuza fomu zake. Nilimwambia yote bila kupamba, pamoja na jinsi nilivyokosea. Alisikiliza mkono ukiwa ndani ya ndoo, na mara ya kwanza tangu nimjue hakuniuliza nimejuaje.

"Kwa hivyo hawa watu waliogopa kama sisi," akasema mwishowe.

"Waliogopa."

"Lakini waliokota." Alitazama ng'ambo. "Sisi tuliogopa, tukamwacha njiani."

Tulivuka kwenda kwa mama yake. Mama Apeduno alikuwa akipepeta wimbi mlangoni. Nilimweleza habari za Roma kwa adabu zote, nikimwonyesha picha, naye aliitazama kama mtu anayetazama uso wa mgeni aliyesema anamjua.

"Hao watu walikuwa Wakatoliki?" akauliza.

"Wakati huo bado, mama. Kanisa lilikuwa halijafika."

"Na hiyo shimo, hawafuniki?"

"Hawafuniki. Juu wanaacha wazi."

Aliendelea kupepeta. "Padri alibariki kaburi," akasema. "Pale hakuna mtu alisema hata neno. Miaka tatu." Makapi yaliruka. "Nani anaokota?"

"Walikuwa na makuhani wa kazi hiyo."

"Nauliza hapa. Nani ataokota?"

Nilimtazama Alaso, Alaso akanitazama mimi. "Haya," mama akasema. "Tengeneza kwanza."

Aluka alipopata habari alicheka hadi akakohoa. "Kisima bila maji! Watu watakuja na madebe, watatukana baba zetu!" Lakini Alaso alimfuata hadi zizini akamwambia jambo la maana: pete ikiwekwa, shamba lililobaki lingelimwa lote, na ng'ombe wangezunguka mahali pamoja padogo tu. Aluka aliinamisha kichwa, akachora udongo kwa fimbo. Alisema hatabishana na saruji, lakini neno lake alilisema mbele ya watu na halirudi: mvua ikitangulia, jembe litapita kabla ya pete.

Kwa hiyo tukawa tunashindana na mawingu. Alaso aliiweka kando kazi ya shule yangu. Nilimruhusu, ingawa hakuomba ruhusa. Alimwaga zege Jumanne. Alipoivua fomu Jumatano asubuhi, pete ikiwa bado mbichi, aliipaka saruji laini nje na kuniuliza Warumi wangeweka nini. Nilisema shada la maua. Alienda kwa mama yake akarudi na masuke ya wimbi, akayakandamiza moja moja kuizunguka pete yote, kisha akayabandua. Yalibaki mashimo madogo kama vidole vilivyojikunja, safi kuliko mchongo wowote wa kitabuni. Mimi nilipewa msumari niandike maneno. Nilikuwa tayari na Kilatini. Alaso akaniuliza ni nani wa Adungosi atakayekisoma, nikaandika kwa Kiswahili: UMEME UMEZIKWA HAPA. Herufi zilipanda mlima, lakini zilisomeka.

Zege linataka siku saba likomae. Kila siku tulilimwagia maji na kutazama upande wa Tororo, ambako mvua zetu hutokea. Alaso alichimba shimo mwenyewe, nje kidogo ya mkonge. Alilichimba jembamba na refu kama anatafuta maji kweli, kupita kimo chake. Nilimwuliza kwa nini. "Baiskeli hailali kwa duara," akasema. "Hii itasimama."

Siku ya sita mvua ilinyesha alasiri, kubwa, ikapiga mabati hadi jioni. Asubuhi yake udongo ulikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Tuliiviringisha pete ile mbichi-mbichi kuvuka barabara, mimi nikisukuma na Alaso akiongoza kwa gongo, Jacktone akisimamisha malori kwa mkono mmoja huku ameshika kambare kwa mwingine. Tulipoifikisha kando ya shimo, tulisikia mlio wa minyororo. Aluka alikuwa ameingia shambani kutoka upande wa chini, ng'ombe wanne mbele na jembe nyuma.

Mama Apeduno alikuwa amekwisha fika. Safari hii hakuketi chini. Alisimama penye ule upande wa nne usio na mkonge, baiskeli ikiwa nyuma yake.

"Shemeji, nilisema," Aluka akaanza.

"Ulisema. Pete iko hapa, shimo iko hapa. Tuokote, kisha ulime." Aligeuka kwetu sote, watu sita au saba waliokuwa wamekuja kutoka barabarani. "Nani anaokota?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa mtu niliyesoma. Nilijua umeme ni nini na niliweza kuuchora ubaoni. Nilipita kati ya mikonge, nikainama, nikaunyosha mkono kuelekea usukani uliokuwa umeota kutu. Mkono ulifika nusu njia ukakataa. Niliusukuma kwa akili zangu zote nao ukakataa. Nilirudi nyuma, na hakuna aliyenicheka, jambo lililoniumiza zaidi. Hata Jacktone alikuwa akitazama viatu vyake.

Alaso akaweka gongo chini. Mama akamshika kifundo cha mkono. "Wewe umechimba," akamwambia. "Inatosha."

Basi tukabaki tumesimama. Ng'ombe walipumua. Wingu jingine lilikuwa likijikusanya upande wa Tororo, na nilijua, kila mtu alijua, kwamba tukitawanyika bila kuokota, Aluka atawapiga wale mafahali fimbo na yule mama atalala mbele yao.

Aluka aliidondosha fimbo.

"Ile siku," akasema. Alivua kofia, akaikunja. "Ile siku ni mimi nilituma mtu Malaba amwambie arudi. Nilitaka anibebe tuende Chakol, kulikuwa na pombe kwa rafiki yangu. Mawingu ilikuwa nyeusi. Nikasema aje haraka, akate shamba." Aliikunjua kofia. "Pombe, shemeji. Pombe tu. Nikipita hapa naona hiyo kitu, nasema ikiondoka, ikilimwa, labda..."

Hakumaliza. Alaso alifunika mdomo kwa kiganja.

"Najua," mama Apeduno akasema.

Aluka akainua uso.

"Yule ulituma aliniambia wiki ileile. Miaka tatu nakaa hapa mbele ya jembe yako, ulifikiri nakataa pamba? Nangoja wewe. Ng'ombe hawawezi kukufanyia hii kazi, shemeji." Alipita kando ya mkonge, akainama penye gurudumu la nyuma na kulishika kwa mikono miwili, na sisi sote tukashusha pumzi kwa pamoja. "Kuja. Shika mbele."

Yule mzee akaja. Alitembea kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Alipoushika usukani alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume wa rika lake, lakini hakuachia. Wakainua. Nyasi za miaka mitatu zilikatika kati ya spoki, moja baada ya nyingine. Alaso akaziokota ndara na kofia, akafuata nyuma yao. Hatua tisa hadi kwenye shimo. Kwenye ukingo Aluka alianza kuliteremsha gurudumu la mbele kwa pupa, machozi yamemziba macho, na fremu ikagonga ukuta wa udongo.

"Polepole," mama akamwambia. "Usimkwaruze."